Herufi Nzito: Asili Yake na Haki Yake



Wenzangu wa kamati wameniomba niandike habari za herufi, kwa sababu kazi yangu ya maisha ilikuwa kupanga herufi, na kwa sababu kurasa za kitabu hiki zimepita mikononi mwangu kwa miaka mingi. Mwanzo nilitaka kukataa. Nilijiuliza nani katika koo zetu atakayekaa kitako kusoma habari za herufi, na humu mna picha za harusi na majina ya watoto waliozaliwa? Lakini mwaka jana lilitokea jambo nyumbani kwangu lililonifanya nikubali. Nitalieleza kwanza jambo hilo, kisha nitasimulia historia, na mwisho nitaomba kitu kwenu.

Kitabu kilipofika, mama yangu mdogo, ambaye umri wake umepita miaka 90, aliomba aletewe miwani yake na kioo cha kukuzia. Akafungua kurasa za marhumu wetu. Akamtafuta baba yake, akamwona mara moja. Kisha akaanza kumtafuta mama yake. Alipita ukurasa wa kwanza, akapita wa pili, akarudi wa kwanza. Mwisho akaniambia, "Baba ninamwona, mkubwa kama mlango. Mama yuko wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Chini ya jina la babu, lililopigwa kwa herufi nzito, palikuwa na mstari mmoja wa herufi nyembamba: "mkewe na watoto saba". Akautazama mstari ule kitambo, akafunga kitabu, akasema, "Kumbe tumo, lakini hatumo."

Sikuwa na la kumjibu. Aliyepanga ukurasa ule ni mimi.

Herufi yenye viatu

Kabla sijaenda mbali, tuelewane ninasema juu ya nini. Tazama herufi kubwa ya I katika kitabu chochote cha zamani. Utaona juu na chini ina kijistari kinacholala. Mimi hukiita kiatu cha herufi. Zipo herufi zenye viatu na zipo zinazosimama peku. Katika zile zenye viatu, zipo nyembamba, ambazo ndizo tunazosomea maneno marefu, na zipo nzito, ambazo mistari yake ni minene na viatu vyake ni vinene vilevile. Mabango ya zamani, vichwa vya habari, majina ya maduka na maneno ya kuongoza katika kamusi, mengi yalipigwa kwa herufi za aina hii ya pili.

Nilizijua kwa mara ya kwanza mwaka 1959, nilipoingia kujifunza kazi katika karakana ndogo ya chapa kule Unguja. Nilikuwa kijana wa miaka 15. Kazi yangu ya mwanzo haikuwa kupanga bali kufuta herufi wino kwa mafuta ya taa na kuzirudisha kila moja katika kijumba chake. Kila aina ya herufi ilikuwa na mtoto wa meza wake, na juu ya mmoja palibandikwa karatasi iliyoandikwa "Clarendon". Fundi wangu alikuwa akiniambia, "Huo usiufungue mpaka nikwambie." Nilidhani ni kwa sababu herufi zile ni ghali. Sababu yake nilikuja kuielewa baadaye.

Kabla ya herufi nzito

Haja ya kulitoa neno moja mbele ya mengine ni ya zamani sana. Wazee wetu wa pwani waliokuwa wakinakili vitabu kwa mkono waliijua vizuri. Walipotaka jicho lipate pa kushika, walichovya kalamu katika wino mwekundu, au walipiga mstari juu ya neno. Misahafu iliyoandikwa Siyu, katika kisiwa cha Pate, ina wino mweusi kwa maneno na mwekundu kwa alama na mapambo. Vitabu vya sherehe vya Kiarabu vilifanya hivyo pia: maneno ya kitabu chenyewe mekundu au yenye mstari juu, na maelezo ya mfasiri meusi.

Chapa ilipokuja, wino mwekundu ukawa ghali, kwa sababu karatasi sharti ipite mtamboni mara mbili, mara moja kwa kila rangi. Wapiga chapa wa Ulaya wakatafuta njia nyingine. Walitumia herufi za kulala, au herufi kubwa tupu, au herufi za kale zenye ncha kama za Wajerumani. Jambo la kushangaza ni kwamba kwa karibu miaka 400 tangu Gutenberg wa Mainz apige Biblia yake miaka ya 1450, hapakuwa na herufi nzito iliyotengenezwa ili ikae ndani ya mstari mmoja na herufi nyembamba za kusomea.

Herufi nene zenyewe zilianza mwanzoni mwa karne ya 19 mjini London. Hazikuzaliwa kwa ajili ya vitabu bali kwa ajili ya kelele za biashara. Maduka, michezo ya kuigiza na bahati nasibu vilitaka mabango, na bango hushindana na bango lililo karibu yake. Kila mmoja alitaka herufi nene kuliko za mwenzake. Kulikuwa na mfuaji herufi aliyeitwa Robert Thorne, mwenye karakana katika barabara ya Fann, ambaye alitengeneza herufi zilizonenepa mpaka macho yake ya ndani yakabaki tundu la sindano. Baadaye zikaja nyingine zenye viatu vya mraba kama matofali. Watu waliziita herufi za Kimisri, kwa sababu Napoleon alikwenda Misri mwaka 1798, na tangu hapo kila kitu kizito na cha ajabu kikapewa jina la Misri. Wamisri wenyewe hawakuwa na habari nazo.

London, mwaka 1845

Thorne alifariki mwaka 1820. Karakana yake ilinunuliwa na William Thorowgood, ambaye husimuliwa kwamba alipata fedha kwa kushinda bahati nasibu. Huyu naye baadaye akamshirikisha Robert Besley, mtu aliyezaliwa Exeter mwaka 1794. Besley ndiye aliyeitoa herufi ninayoisimulia. Mwaka 1845 alitangaza herufi mpya aliyoiita Clarendon. Jina hilo ni pia jina la matbaa ya Chuo Kikuu cha Oxford.

Besley hakuichonga kwa mkono wake. Mchongaji alikuwa Benjamin Fox. Kazi ile ilihitaji subira. Kila herufi ilichongwa kwanza katika ncha ya chuma kigumu. Chuma kile kikagongwa juu ya kipande cha shaba, shaba ikabaki na shimo la sura ya herufi, na ndani ya shimo hilo ikamiminwa risasi iliyochanganywa na madini mengine ili iwe ngumu. Ukubwa mmoja wa herufi, ukihesabu kubwa, ndogo, tarakimu na alama, ni vyuma vingi vya kuchonga, na kila ukubwa mwingine huanza upya.

Fox alifanya nini ambacho wa kabla yake hawakufanya? Aliipunguzia herufi nene kiburi. Tofauti kati ya mstari mnene na mwembamba aliifanya ya wastani. Viatu havikukatwa kama matofali, bali viliungana na mguu kwa mkunjo, kama shina la mti linavyopanuka linapoingia ardhini. Herufi a, c, f na r alizimalizia kwa kitone cha mviringo kama punje ya dengu. Na la muhimu kuliko yote, aliitengeneza ikae mstari mmoja na herufi nyembamba bila ya kuzisukuma. Kabla yake herufi nzito ilikuwa mpiga mbiu wa sokoni. Yeye aliifanya mwenyeji anayeweza kukaa barazani na wenzake, nawe ukamjua bila ya yeye kupiga kelele.

Besley aliisajili chini ya sheria ya kulinda mapambo na michoro, nayo ilimpa hifadhi ya miaka 3 tu. Muda ulipokwisha, wafuaji wengine waliiga, wengine hata jina hawakulibadilisha. Besley alilalamika, lakini sheria haikuwa naye tena. Umaarufu ukawa mkubwa mpaka wapiga chapa wengi wa Uingereza wakawa wanaiita Clarendon herufi yoyote nzito inayokaa ndani ya mstari. Besley mwenyewe aliiacha kazi ya herufi mwaka 1861, na mwaka 1869 akawa Meya Mkuu wa London. Alifariki mwaka 1876.

Ilikotumika

Herufi hii ilienda njia mbili.

Njia ya kwanza ni ya mabango. Herufi kubwa za risasi ni nzito kubeba na ghali kumimina, basi Wamarekani walichonga za mti. Darius Wells wa New York alianza kuzitoa kwa mashine mwishoni mwa miaka ya 1820. Jamaa za Clarendon zilichongwa kwa mti kwa kila umbo, pana, nyembamba, ndefu. Moja yao viatu vyake ni vinene kuliko miguu yenyewe. Hiyo ndiyo mnayoiona katika filamu za Marekani wapanda farasi wanapobandika tangazo la kumsaka jambazi.

Njia ya pili ni ya vitabu vya kutafutia: kamusi, ratiba za gari la moshi, orodha za majina. Kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford, ambayo sehemu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1884 na ya mwisho mwaka 1928, iliyapiga maneno yake ya kuongoza kwa Clarendon. Msomaji wa kamusi hasomi, anatafuta. Jicho lake huteremka ukurasani kama mtu anayeshuka ngazi gizani, na kila neno zito ni kipago cha ngazi ile.

Karne ya 20 ilipofika katikati, herufi hii ilifufuliwa. Hermann Eidenbenz aliichora upya Uswisi mwaka 1953, na Freeman Craw wa Marekani akatoa yake mwaka 1955. Kwa miaka mingi vibao vya barabarani katika mbuga za taifa za Marekani viliandikwa kwa Clarendon. Na wale wenye redio na televisheni za Sony watazame jina lile lilivyoandikwa. Lina viatu vinene na sura ya ukoo huu huu.

Kwetu na kamusi zetu

Sisi tuliipata chapa kwa milango miwili. Sayyid Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia mwaka 1870 mpaka 1888, alileta mtambo uliopiga vitabu vya dini kwa Kiarabu. Na wamisionari wa Kiingereza, akiwamo Edward Steere, walipiga vitabu vya Kiswahili kwa herufi za Kirumi palepale Unguja. Mlango wa pili ndio ulioleta herufi nzito katika lugha yetu, na mahali ilipotufaa zaidi ni katika kamusi.

Wengi wetu tulikua na ile kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyosimamiwa na Frederick Johnson na kuchapishwa na Oxford mwaka 1939. Ndani yake maneno mengi yaliyozaliwa na kitendo yamekusanywa chini ya kitendo chenyewe. Kitendo ndicho shina, kinasimama mbele kwa herufi nzito, na watoto wake wanafuata nyuma. Kwa Kiswahili mpango huu una maana yake, kwa kuwa maneno yetu hunyambuliwa. Ukilijua shina umewajua na wajukuu.

Na hapa ndipo ninapoungama. Nilipoanza kupanga kitabu chetu, bila ya kufikiri sana, nilizipanga familia zetu kama kamusi. Babu ni shina, basi jina lake zito. Mke na watoto wanafuata chini yake kwa herufi nyembamba, na pahali pakiwa padogo wanahesabiwa tu bila ya majina. Hakuna aliyeniamuru, na mwaka hadi mwaka hakuna aliyelalamika. Ukurasa ulikuwa safi, nami nilijisifu kwa usafi wake.

Lakini mtu si neno. Bibi yangu hakunyambuliwa kutoka kwa babu. Alikuwa na baba yake na mama yake, na jina alilopewa siku ya saba kabla babu hajamjua. Alizaa saba na akalea tisa. Watoto wake walipotawanyika baada ya mwaka 1964, wengine Maskati, wengine Dubai, wengine huku Uingereza, yeye ndiye aliyejua nani yuko wapi, na barua zote zilipita kwake. Kama kuna shina katika habari hiyo, ninyi wenyewe mtasema ni nani.

Kwa nini fundi wangu alinikataza

Niliahidi kurudi kwa fundi wangu na mtoto wa meza aliokuwa hataki niufungue.

Herufi nzito ina uso mpana, na uso mpana hunywa wino mwingi. Ukiipanga pamoja na nyembamba katika ukurasa mmoja, mpiga chapa hupata taabu. Akitia wino wa kumtosha mzito, herufi nyembamba huzama, macho ya a na e yakazibika. Akitia wino wa kumtosha mwembamba, mzito hutoka na mabaka kama ukuta uliopakwa chokaa hafifu. Mizani hupatikana pale tu nzito zinapokuwa chache. Siku moja nilijiona fundi, nikapanga tangazo la harusi lililo zito kutoka juu mpaka chini. Fundi alilitazama akaniuliza, "Bwana harusi ni yupi?" Kwa kweli hakuonekana. Jina lake, anwani, saa ya karamu na jina la mpiga chapa vyote vilikuwa vinapiga kelele kwa pamoja.

Ninayasema haya kwa ajili ya vijana wetu wa kamati. Mwaka huu, nilipowaeleza kisa cha mama mdogo, mmoja wao alisema kwa nia njema, "Babu, hii kwenye kompyuta ni kubonyeza tu, basi tufanye majina yote mazito na maelezo yote mazito, tusimbague mtu." Nikamwambia kwamba hapo hatutakuwa tumempa mtu heshima, tutakuwa tumeiondoa kwa wote. Risasi haipo tena, na wino wa mtambo hautusumbui, lakini jicho la mtu ni lile lile.

Tulivyoamua

Basi kamati imeamua hivi, nami nimekubali kwa moyo mkunjufu. Katika kurasa za marhumu, kila aliyetangulia mbele ya haki, mwanamume au mwanamke, mkubwa au mtoto mchanga aliyepewa jina, atakuwa na mahali pake. Jina lake, pamoja na la baba yake, litapigwa kwa herufi nzito mara moja, mwanzo wa habari yake. Maelezo yote yatakuwa membamba, hata ya wale waliokuwa na vyeo. Hakuna atakayeandikwa "mke wa fulani" mahali pa jina.

Kwa hiyo ninawaomba kitu kimoja. Ulizeni majina. Waulizeni wakubwa waliobaki, na waulizeni sasa. Tulipoanza kukusanya, tuligundua kwamba katika nyumba nyingi wajukuu wanawajua bibi zao kwa jina la "Bibi" au la mama fulani tu. Jina la babu linajulikana mpaka vizazi sita juu, la bibi haliendi hata viwili. Lawama hiyo si ya herufi peke yake, lakini herufi nayo ilichangia, na aliyezipanga ni mimi. Ninaomba radhi.

Mwezi uliopita nilimpelekea mama mdogo karatasi ya majaribio. Niliweka jina la bibi mwanzo wa ukurasa wake mwenyewe, kwa Clarendon, kwa ukubwa ule ule wa jina la babu. Akalitazama bila ya kioo. Hakulia wala hakunishukuru. Aliweka kidole juu ya jina la baba wa bibi, akasema, "Hapa umekosea. Baba yake hakuitwa hivi."

Nikalisahihisha palepale kwa kalamu. Muda wote huo nilikuwa nikilijua jina lenye makosa, na hapakuwa na mahali lilipoandikwa pa kutosha kwa mtu kuliona na kunikosoa.